Kuifikia kampuni mama ambayo haikusaini: hatua kwa hatua kwa mwenye kifungu cha usuluhishi Uganda

Mkataba una saini ya kampuni moja ya Kampala. Mashine zilitoka kwa kampuni dada iliyoko Mombasa. Pesa ulizituma Dubai, kwa kampuni mama. Wiki ya tatu mashine zikakwama, na sasa ukifungua faili unakuta kifungu cha usuluhishi kinakutaja wewe na ile ya Kampala tu, ambayo ofisi yake imepigwa kufuli.

Nitashika mfano huohuo mpaka mwisho. Kampuni ya Kampala iliyosaini nitaiita Tanzu, ya Mombasa nitaiita Dada, ya Dubai nitaiita Mama. Mnunuzi ni mwenye kinu cha kukoboa kahawa Masaka, ananunua kiboko (kahawa kavu yenye maganda) kwa wakulima na kuuza kahawa safi. Majina ni ya mfano, ila mpangilio ni wa kila siku: mzigo mwingi unaopita Malaba na Mutukula una ukoo wa namna hii nyuma yake.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Usuluhishi ninaousema hapa ni ule wa mwamuzi mliyemchagua nje ya mahakama, ambaye uamuzi wake unafunga na huitwa tuzo. Sheria ya Tanzania huuita hivyo, nami nafuata hapo. Ule wa kukalishwa chini mpatane ni upatanishi, na hauhusiki hapa. Makao ya usuluhishi ni nchi ambayo sheria yake inalea shauri. Kikao chenyewe kinaweza kufanyika hotelini Entebbe huku makao yakiwa London.

Na jambo moja la kushika kabla ya hatua yoyote. Wazee walisema undugu si kufanana, ni kufaana. Kwenye usuluhishi hata kufaana hakutoshi. Mwamuzi hatajali sana kwamba Mama anamiliki hisa zote za Tanzu. Atauliza: huyu ambaye hakusaini, alikubali wapi kwamba mgogoro huu uamuliwe hivi? Hatua zote hapa chini ni njia za kumjibu swali hilo, kwa nchi tofauti.

Hatua ya 1: Anza na mali

Wengi huanza kusoma mkataba. Mimi huanza kuuliza mali ya kukamata iko wapi. Kama Mama ana ghala Mombasa, akaunti Dubai na hana hata kiti Kampala, basi siku moja tuzo yako itasomwa na jaji wa Kenya au wa Dubai, na huyo ndiye wa kumwandalia faili tangu leo.

Chombo kinachobeba tuzo kuvuka mpaka ni Mkataba wa New York wa 1958. Tanzania iliingia 1964, Kenya 1989, Uganda 1992, Falme za Kiarabu 2006, Rwanda 2008, Kongo ya Kinshasa 2014. Uganda iliweka sharti la kutendeana: inatambua tuzo zilizotolewa kwenye nchi nyingine wanachama. Soma ibara ya 2, inayotaka makubaliano ya maandishi, na ibara ya 5, inayoorodhesha sababu za kukataa tuzo. Anayevutwa bila kusaini karibu kila mara atasimama kwenye ibara ya 5(1)(a), akisema makubaliano hayamhusu.

Hatua ya 2: Chora ukoo

Chukua karatasi, chora. Kwa Tanzu, fanya upekuzi kwa Msajili wa kampuni, URSB: wakurugenzi, wanahisa, mtaji, anwani iliyosajiliwa. Tangu marekebisho ya 2022 ya Sheria ya Kampuni, kampuni za Uganda zinatakiwa pia kuweka kumbukumbu za mmiliki halisi, yule mtu wa nyama na damu aliye nyuma ya hisa. Kwa Dada, omba taarifa kupitia eCitizen ya Kenya. Ingekuwa Dar es Salaam ungekwenda BRELA. Kwa Mama, tumia wakili wa huko, na mwulize mapema gharama, maana hati hulipiwa moja moja.

Tafuta vitu vidogo: mkurugenzi yuleyule kwenye kampuni mbili, sanduku la posta moja, jina lililobadilishwa katikati ya mkataba. Jina lililobadilishwa ni muhimu kuliko yote. Pengine kampuni iliyosaini ndiyo hiyohiyo, imevaa kanzu mpya tu, na hapo huna haja ya nadharia yoyote.

Hatua ya 3: Jua ni sheria ipi itakayoamua nani ni mhusika

Hapa ndipo pesa hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Mkataba mmoja unaweza kubeba sheria tatu: ya mkataba wenyewe, ya makao ya usuluhishi, na ya mahali pa kukazia tuzo, yaani kuitekeleza kwa nguvu ya mahakama. Zikitofautiana, ukweli uleule unazaa majibu mawili. Mfano maarufu ni wa Dallah, kampuni ya Saudia iliyotaka kujenga nyumba za mahujaji wa Pakistan kule Makka. Mazungumzo yalifanywa na serikali ya Pakistan. Mkataba wa Septemba 1996 ukasainiwa na mfuko wa hija ulioanzishwa na serikali hiyohiyo kwa amri ya muda. Amri ikaisha, mfuko ukafa nayo. Waamuzi waliokaa Paris walisema serikali ndiye mhusika wa kweli na wakaipa Dallah takriban dola milioni 20. Mahakama ya Juu ya Uingereza ikakataa kuikazia tuzo hiyo Novemba 2010. Mahakama ya Rufani ya Paris ikaibariki Februari 2011. Majaji wa pande zote mbili walisema wanatumia sheria ya Ufaransa!

La pili ni la Kabab-Ji, kampuni ya Lebanoni yenye mkataba wa leseni ya migahawa na kampuni ya Kuwait. Katikati ya mkataba kampuni ya Kuwait ikapangwa upya na kuwekwa chini ya mama mpya, Kout Food Group. Mgogoro ulipozuka, Kabab-Ji ilimshtaki mama peke yake. Makao Paris, sheria ya mkataba ya Kiingereza. London ilisema 2021 kwamba sheria ya Kiingereza ndiyo inayotawala kifungu, na mama hakuwahi kuwa mhusika. Mahakama ya Kasesheni ya Ufaransa ikasema kinyume chake Septemba 2022: kuchagua sheria ya mkataba hakutoshi kuipeleka sheria hiyo mpaka kwenye kifungu cha usuluhishi, na mama alishiriki utekelezaji.

Uingereza imebadilika tangu hapo. Sheria yake mpya ya Usuluhishi ya 2025, iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 2025 kwa mashauri mapya, inasema kifungu cha usuluhishi kinafuata sheria ya makao, isipokuwa wahusika wametamka wazi sheria ya kifungu chenyewe. Kama faili lako linataja London popote, usitumie makala ya zamani bila kuangalia tarehe yake.

Uganda je? Sheria yetu ya Usuluhishi na Upatanishi ya 2000 imefuata kielelezo cha Umoja wa Mataifa cha 1985. Inataka makubaliano ya maandishi: hati iliyosainiwa, au barua na njia nyingine za mawasiliano zinazoacha kumbukumbu, au mkataba unaorejea hati yenye kifungu. Neno "mhusika" linamjumuisha pia anayedai kupitia kwa mhusika au chini yake. Mawakili wetu huegemea maamuzi ya Uingereza, ambayo hayafungi ila yanashawishi, na kampuni kuwa mtu mbali na wanahisa wake ni jambo lililokwisha kuota mizizi tangu kesi ya Salomon, 1897. Kwa hiyo ukiwa Nakasero kwenye Kitengo cha Biashara cha Mahakama Kuu, jiandae kana kwamba jaji anasoma vitabu vya London, siyo vya Paris. (Toleo jipya la sheria zetu lililoanza Julai 2024 limehamisha namba za sura, nukuu kutoka kwenye nakala uliyoishika, usinakili namba kutoka hukumu ya zamani.)

Andika kwenye ule mchoro wako, pembeni ya kila kampuni: makao, sheria, mahali pa mali. Ukiona neno Paris au Delhi, pumua. Ukiona London au Singapore, kaza mkanda. (Delhi na Singapore zinakuja Hatua ya 4.)

Hatua ya 4: Chagua njia moja au mbili

Usizibebe zote. Mwamuzi akiona nadharia saba anajua huna hata moja.

Uwakala ndiyo njia safi kuliko zote: Tanzu ilisaini kwa niaba ya Mama, kwa idhini ya Mama au kwa mwenendo wa Mama uliokufanya uamini idhini ipo. Inakubalika karibu kila nchi. Urithi wa mkataba pia ni rahisi: Tanzu ilihamisha haki zake kwa Dada, au zimeungana, na kifungu kinafuata mkataba kama kamba inavyofuata ndoo. Njia ya kurejea hati nyingine inakufaa kama oda ya Dada inasema "kwa masharti ya mkataba mkuu" na mkataba mkuu una kifungu.

Njia inayosemwa sana, na kuumiza wengi, ni ile ya kundi la kampuni. Ilizaliwa kwenye tuzo ya muda ya Septemba 1982 kati ya Dow Chemical na Isover Saint Gobain, chini ya Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara cha Paris. (Herufi zake ni ICC; siyo ile ya Hague tuliyoisikia sana kwenye habari za Kenya na Uganda.) Watu husahau kwamba pale ni kampuni za ukoo wa Dow zisizosaini ndizo zilizotaka kuingia kama wadai, na zikaruhusiwa. Waamuzi hawakusema ukoo unatosha. Waliangalia nafasi ya kila kampuni wakati mkataba unafungwa, unatekelezwa na unavunjwa, na nia ya wote.

Mahakama Kuu ya London ilisema 2004, kwenye shauri la Peterson Farms, kwamba nadharia hiyo si sehemu ya sheria ya Kiingereza. Singapore imeikataa pia. India imeikubali: tarehe 6 Desemba 2023 jopo la majaji watano kwenye shauri la Cox and Kings dhidi ya SAP lilisema inabaki, ila shina lake ni ridhaa. Waamuzi waangalie nia ya pande zote, uhusiano wa asiyesaini na waliosaini, kama jambo linalobishaniwa ni moja, kama miamala imefungamana, na utekelezaji wa mkataba. Walitenganisha pia nadharia hii na maneno "kupitia kwa au chini ya mhusika", ambayo ni ya anayerithi haki ya mwingine. Maneno hayo yamo kwenye sheria yetu, kwa hiyo hukumu hiyo inafaa kusomwa hata na anayebishana Kampala.

Kuinua pazia la kampuni, yaani kupita jina la kampuni na kuwafikia wenye nayo, kuache kuwe kwa mwisho. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Kampuni ya Uganda ya 2012 kinampa nguvu hiyo jaji wa Mahakama Kuu, kikitaja mambo kama udanganyifu na kukwepa kodi. Tanzu kuwa maskini siyo udanganyifu. Wateja hukasirika nikisema hivyo, lakini ndivyo ilivyo: mtu ana ruhusa ya kufungua kampuni yenye mtaji mdogo, na wewe ulikuwa na ruhusa ya kumkataa.

Iko na ile ya kumzuia mtu kula nyama na kutema mfupa. Anayedai faida za mkataba hawezi kukana kifungu kilichomo ndani yake. Wamarekani wanaipenda, na Mahakama yao ya Juu ilisema Juni 2020, kwenye shauri la GE Energy na Outokumpu, kwamba Mkataba wa New York hauzuii sheria ya ndani kumruhusu asiyesaini kwa njia hiyo. Huku kwetu itumie pale Dada au Mama amekuandikia akidai malipo "kwa mujibu wa mkataba". Barua hiyo itunze kama hati ya shamba.

Hatua ya 5: Kusanya mwenendo, siyo malalamiko

Panga ushahidi kwa vipindi vitatu vya Dow: kufunga, kutekeleza, kuvunja. Nikupe namna faili la Masaka lilivyoonekana nilipolipanga mezani.

Kufunga: rasimu ya bei ilitoka kwenye anwani ya barua pepe ya Mama, na aliyepunguza bei kwa asilimia 10 ni meneja wa Mama. Tanzu ilinakiliwa tu. Kutekeleza: hati ya makabidhiano ya mashine ina muhuri wa Dada, ankara ina jina la Tanzu lakini namba ya akaunti ni ya Mama, na fundi alikuja kwa basi kutoka Mombasa akiwa na shati lenye nembo ya Mama mgongoni. Kuvunja: ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mtu wa Dada, saa 3 usiku, "Tumeamua hatutatuma tena fundi wetu, mlipe kwanza."

Soma hicho kiambishi. Tu-meamua. Fundi w-etu. "Sisi" ni nani? Kwa Kiingereza wangeficha nyuma ya jina la kampuni. Kwa Kiswahili nafsi imekaa kwenye kitenzi, na mtu akiandika haraka hutoboa. Nilipata "tu-" kumi na moja kwenye mazungumzo hayo, nyingine za Dada akisema juu ya uamuzi wa Mama. Ukitafsiri ujumbe kama huo kwa ajili ya waamuzi, mwambie mtafsiri aihifadhi hiyo nafsi. Mtafsiri mvivu ataandika "kampuni imeamua" na ushahidi wako utakuwa umeyeyuka.

Toa mazungumzo yote kwenye simu, siyo picha za skrini ulizochagua. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011 inakubali kumbukumbu za namna hiyo, lakini mwenzako atauliza zilitunzwaje na nani aligusa simu.

Kisha tafuta kinachokuumiza. Kwenye Kabab-Ji mkataba ulisema hautabadilishwa ila kwa maandishi yaliyosainiwa, na London ikautumia msumari huo dhidi ya mdai. Kama mkataba wako una maneno hayo, au unasema "hakuna mtu mwingine ila waliosaini", jibu lako liwe tayari. Na kwenye Dallah, barua ya kuvunja mkataba iliandikwa kwenye karatasi ya wizara. Hata hiyo haikutosha London. Usimwahidi mteja ushindi kwa sababu ya nembo kwenye karatasi.

Hatua ya 6: Wataje kwenye notisi ya kwanza

Hapa nina kovu. Miaka ya mwanzo nilishika shauri la mzee mmoja, nikamshtaki aliyesaini peke yake kwa kuona kifungu kiko wazi na sitaki ubishi. Tukashinda. Tulipokwenda kukazia tuzo tukakuta meza mbili, printa, na askari wa getini anayesema wale walihama kitambo. Mzee akaniuliza, "Wakili, huyu wa Dubai si ndiye tuliyempa pesa? Si yumo humu kwenye karatasi zote?" Alikuwamo kwenye karatasi zote isipokuwa tuzo. Na anayekazia tuzo haongezi majina.

Kwa hiyo taja Tanzu, Dada na Mama tangu notisi ya kuomba usuluhishi, na kwa kila mmoja andika aya yake inayosema kwa nini yumo. Kumwongeza mtu baadaye ni kugumu. Chini ya kanuni za usuluhishi za Umoja wa Mataifa (UNCITRAL), ibara ya 17(5), waamuzi wanaweza kumwongeza mtu iwapo ni mhusika wa makubaliano ya usuluhishi, yaani unarudi kwenye swali lilelile. Chini ya kanuni za ile taasisi ya Paris (ICC), mara mwamuzi yeyote akishathibitishwa mlango unakuwa mwembamba sana. Kama mkataba wako unataja kituo cha Kampala, Nairobi au Kigali, soma kanuni zake za kuongeza mhusika kabla hujaandika mstari wa kwanza.

Peleka notisi kwa kila mmoja kwenye anwani yake iliyosajiliwa, na utunze risiti ya msafirishaji. Kumwachia Tanzu notisi ya Mama ni kumpa Mama utetezi wa bure chini ya ibara ya 5(1)(b), ya kutokupewa taarifa.

Usitaje kila binamu. Kampuni isiyoonekana kwenye kipindi chochote kati ya vile vitatu iache. Ukiivuta utalipa gharama zake.

Hatua ya 7: Wakikimbilia mahakamani

Mara nyingi Mama hatajibu notisi. Atafungua kesi akitaka mahakama itamke kwamba hahusiki, au Tanzu itakushtaki kwa deni. Hapo tarehe ni kila kitu, na mipaka inatofautiana vibaya. Uganda, ombi la kurudisha shauri kwenye usuluhishi huletwa baada ya kuwasilisha utetezi. Kenya lazima uombe kabla ya kuitikia wito wa mahakama au wakati uleule unapouitikia, usichelewe zaidi ya hapo. Wakili aliyezoea Busia ya upande mmoja akivuka kwenda ya pili na mazoea yake, amekwisha. Nimeona hilo likitokea kwa mtu makini kabisa.

Waamuzi wenyewe wana uwezo wa kuamua kama wana mamlaka. Anayepinga mamlaka afanye hivyo si baada ya kuwasilisha utetezi wake kwao. Wakisema mamlaka wanayo, kwa sheria ya Uganda ana siku 30 kwenda mahakamani. Lakini usijidanganye kwamba uamuzi wao juu ya Mama umefunga mjadala. Dallah ilisema wazi: jaji wa kukazia ataangalia upya mwenyewe, tangu mwanzo. Faili la Hatua ya 5 utalitumia mara mbili.

Kama wewe ndiye Mama, au Dada

Una milango miwili. Kukaa nje kabisa, usubiri tuzo ije kwako ndipo useme huikubali; Pakistan ilifanya hivyo ikashinda London, lakini Paris ikashindwa. Au kuingia na kupinga mamlaka kwa maandishi siku ya kwanza, kisha ujitetee juu ya madai yenyewe huku ukishikilia pingamizi hilo. Kitu kibaya ni cha katikati: kujibu madai, kuteua mwamuzi, kuomba muda, halafu mwaka unaofuata ukumbuke kwamba hukusaini. Na waambie vijana wako wa mauzo waache kuandika "tu-".

Hatua ya 8: Tuzo mkononi

Kutengua tuzo Uganda, ombi liletwe ndani ya mwezi mmoja tangu kuipokea. Kenya ni miezi mitatu. Weka tarehe zote mbili kwenye kalenda hata kama unadhani moja tu inakuhusu.

Waombe waamuzi, kabla hawajaandika, watenge sehemu ya tuzo inayoeleza kwa kila asiyesaini: ni sheria ipi wametumia kuamua yumo, na ni ukweli upi. Tuzo inayosema "kampuni hizi ni kitu kimoja" kwa mstari mmoja hubomoka mbele ya jaji wa kawaida.

Kama bado hamjasaini

Haya yote hapo juu hugharimu mamilioni. Saini moja ya ziada haigharimu kitu. Ila angalieni: kuandika kwamba "mkataba huu unafunga kampuni zote za kundi" huku anayesaini ni Tanzu peke yake ni sawa na mimi kuahidi kwamba jirani yangu atalipa. Mama mwenyewe asaini, kama mhusika au kama mdhamini, na dhamana yake ibebe kifungu kilekile, makao yaleyale na kanuni zilezile. Rasimu ninayoitumia ni hii:

"Kampuni zilizotajwa kwenye Jedwali la 1, ambazo kila moja imesaini ukurasa wa mwisho, zinakubali kwamba mgogoro wowote unaotokana na mkataba huu au unaohusiana nao utaamuliwa kwa usuluhishi, na kila moja inaweza kuitwa au kuita nyingine kama mhusika. Makao ya usuluhishi ni [mji]. Kifungu hiki cha usuluhishi kinatawaliwa na sheria ya [nchi ya makao]. Kampuni nyingine ya kundi itakayotekeleza sehemu yoyote ya mkataba itasaini kwanza hati ya kujiunga."

Sentensi ya sheria ya kifungu usiifute hata mwenzako akisema ni ya ziada. Ndiyo iliyokosekana kwenye Kabab-Ji. Na kwa Mama wa Dubai omba kitu kimoja zaidi. Sheria ya Shirikisho ya Usuluhishi ya Falme za Kiarabu ya 2018 inabatilisha makubaliano yaliyosainiwa na mtu asiye na idhini ya kuingiza kampuni kwenye usuluhishi. Uwezo wa kusaini mikataba kwa jumla usiutegemee. Taka azimio la bodi au hati ya uwakilishi yenye neno usuluhishi lenyewe ndani yake, uilinganishe jina kwa jina na pasipoti ya anayesaini, kisha uibane nyuma ya ukurasa wa saini kabla ya kutoa malipo ya kwanza.